Siasa ya mbuzi, siasa ya farasi: kwa nyie mnaotaka kula kwa maneno

Kuna kijana wa Unguja anasoma Malaysia, ni msomaji wangu wa siku nyingi, juzi kanitumia voisi ndefu ya kulalamika. Aliibiwa laptopu hosteli, akaenda kuripoti polisi, akapewa karatasi yake, akaipiga picha na kuitupia kwenye grupu la familia ili waamini kwamba kweli kaibiwa na wamchangie nyingine. Sasa ami yake, ambaye Kimalay hajui hata salamu ila Kiswahili anacho na Kiarabu cha chuoni anacho, kaikuza ile picha kwa vidole, kasoma "dalam siasatan", kashuka chini kasoma "pegawai penyiasat", basi. Akampigia saa ile ile. We tumekupeleka kusoma au tumekupeleka kuingia siasa za watu? Mama mtu analia, hela ya laptopu imesimama, na kijana ananiomba nimwandikie ami maelezo "ya kitaalamu" kwa sababu mimi ni mtu mzima na huenda nikasikilizwa.

Nikamwandikia, kwa adabu zote. Shikamoo sheikh, siasatan kule ni uchunguzi, dalam siasatan maana yake kesi bado inachunguzwa, na huyo pegawai penyiasat ni afande tu aliyekabidhiwa faili la wizi wa laptopu. Siasa hii yetu ya kura na majukwaa wao wanaiita politik. Ami kaelewa, hela imetoka (nusu, lakini imetoka), na mimi nimeletewa dua na ahadi ya halua nikifika Unguja. Nimefurahi na sioni haya kusema, maana kwenye hii kazi yetu shukrani ni adimu kuliko malipo, na malipo yenyewe mnayajua.

Sasa niseme na nyie mnaonijazia inbox kila wiki, "kaka nataka kuwa mfasiri nianzie wapi", "kaka ukalimani unalipa?". Nitawajibu kupitia hii hii siasa, kwa sababu neno hili limenipa kazi, limenikosesha hela, na limenifundisha karibu kila ninachokijua.

Cha kwanza muelewe kwamba ami hakusikia vibaya. Siasat ya Kimalay na siasa yetu ni ndugu wa tumbo moja, yote yametoka kwenye Kiarabu, siyasa. Ndo maana hii aina ya mtego ni mbaya kuliko maneno yaliyofanana kibahati tu, kwa sababu mtu aliyedanganyika na undugu wa kweli huwezi kumwambia "hayo hayahusiani", yanahusiana! Ana ushahidi mkononi na ushahidi ni halali, ila maana aliyoitoa humo siyo. Ndugu wamezaliwa nyumba moja, mmoja kaenda Kuala Lumpur kawa mpelelezi, mwingine kabaki Dodoma anapiga makofi bungeni.

Mimi nimekulia Tanga kwa bibi yangu mzaa mama, na bibi jina la mbunge wake alikuwa halijui, lakini siasa alikuwa anaitaja kutwa nzima. Ukimshusha mtoto mgongoni kalala, utasikia "kwa siasa, kwa siasa, asije akaamka". Mkate wa kumimina ukiiva unatakiwa uubandue kwenye kikaango bila kuukata, bibi kakusimamia na upawa mkononi, "pitisha kisu pembeni kwanza, sasa uinue, kwa siasa we, unakimbizwa na nani?" Siasa ya bibi ilikuwa upole, taratibu, akili ya mkono. Wazee wa pwani mpaka leo wanayo hiyo, na kamusi za zamani zilizotungwa enzi za ukoloni zimeiweka humo, utaratibu na upole na kumwendea mtu kwa maneno mazuri. Vijana wengi wakisikia leo wanadhani mzee anatania.

Halafu nikaanza shule, nikakutana na Siasa yenye herufi kubwa. Waliosoma zamani wanakumbuka, lilikuwa somo kabisa lina daftari lake, kabla vyama vingi havijaja mwaka 1992 na baadaye likapisha somo la Uraia. Tulikuwa tunakariri Azimio la Arusha la 1967, ili tuendelee tunahitaji vitu vinne, watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Naimba barazani, bibi yuko ndani anachambua mchele, nikifika "siasa safi" yeye anaitikia "enhe, siasa, na usafi!" Kwake yeye serikali ilikuwa inatufundisha tuwe wapole na tuoge. Na mimi hapo ndipo nilipoanza kusikia kwamba neno moja linaweza kukaa kwenye nyumba moja na maana mbili na zisipigane.

Hebu litazameni hilo Azimio vizuri kwa sababu hapa pana riziki. "Siasa safi" pale haina maana ya siasa kama tunavyoisema leo baa. Tafsiri rasmi ya Kiingereza ya Azimio imeandika "sera nzuri". Siasa ya Ujamaa na Kujitegemea ilikuwa ni sera ya Ujamaa. Neno sera limekuja kushika hiyo nafasi baadaye na siasa ikabaki na majukwaa na fitina. TANU, chama tawala cha wakati ule, walipokaa Iringa mwaka 1972 wakatoa tamko la "Siasa ni Kilimo". Mfasiri anayejua siasa moja tu akilikuta hilo leo ataandika kitu cha ajabu, atadhani wakulima wanapewa kadi za chama shambani.

Na ameandika kweli, tena wa kwangu hakulikuta kwenye tamko, alilikuta kwenye mbuzi.

Ilikuwa hivi. Ofisi moja, siitaji, wenyewe wakisoma watajijua, ilinipa kazi ya kutafsiri kwenda Kiingereza mihutasari ya vikao vya kijiji kimoja cha ujamaa, ya miaka ya sabini. Karatasi za kaboni, pembeni zimeliwa na mchwa, taipureta yao herufi ya r ilikuwa inaruka juu ya mstari kwa hiyo kila neno lenye r lina kanundu. Kwenye kikao kimojawapo ajenda inasema SIASA YA KIJIJI JUU YA MBUZI. Chini yake, mbuzi wafungwe mchana kutwa hadi mavuno yaishe, mbuzi atakayekutwa shamba la kijiji mwenyewe atatoa debe moja la mahindi, na mzee fulani aliyesema mbuzi wake ni watiifu akaambiwa naye afunge. Sasa wewe ukisoma hapo unaona nini? Sera. Utaratibu wa kijiji kuhusu mbuzi. Nikaandika neno la Kiingereza la sera, nikaweka maelezo mafupi chini ya ukurasa, nikataja na Azimio kwa ushahidi, nikatuma.

Mhakiki wao, kijana kasoma nje na Kiswahili chake ni cha likizo, akapita na kalamu ya elektroniki akafuta "sera" zangu zote akaweka politiksi. Ukisoma Kiingereza chake unaona mbuzi wanagombea udiwani. Nikapiga simu nikamweleza kwa upole kabisa, kwa siasa ya bibi, nikamtumia na ukurasa wa Azimio. Jibu lake: "Mzee, siasa ni siasa." Maelezo yangu ya chini yakaondolewa kwamba yanachosha wasomaji, na kwenye malipo nikakatwa hela ya "marekebisho". Yaani nimerekebishiwa sahihi ikawa makosa na nimeilipia mimi! Ripoti ikatoka, ina jalada zuri la kung'aa, na ndani kuna aya nzima inachambua mivutano ya kisiasa baina ya wafugaji wa mbuzi na wakulima wa kijiji kile. Mivutano gani? Kulikuwa na mzee mmoja mbishi na mbuzi wake. Hiyo ripoti ipo mpaka leo na kuna watu wanainukuu.

Inaniuma, sitawaficha, kila nikipita kwenye lile jengo inaniuma upya.

Lakini hasira zile ndo zilinipeleka kuchimba neno lenyewe mpaka kwenye mizizi, na nilichokikuta huko kimenilipa mara nyingi kuliko ile hela waliyonikata. Kitenzi cha Kiarabu "sasa, yasusu", ambacho siyasa imetoka humo, kwa asili ni kumhudumia farasi. Kumlisha, kumsugua, kumzoesha hatamu. Waliopita madrasa wanaijua habari ya Bi Asma binti Abubakar, mke wa Zubeir bin Awwam, ipo kwenye Sahihi Muslim, kitabu cha hadithi za Mtume. Anasimulia mwenyewe kwamba alikuwa anamtumikia Zubeir kazi za nyumbani, na Zubeir alikuwa na farasi, na yeye ndiye alikuwa akimtunza, na katika kazi zote hakuna iliyokuwa nzito kwake kama siyasat al-faras. Siasa ya farasi! Kumkatia majani, kumsimamia. Mpaka baba yake alipompelekea mtumishi akamtua mzigo ule, anasema ilikuwa ni kama kaachwa huru. Niliposoma hiyo nilicheka peke yangu, nikamkumbuka mhakiki, nikatamani kumwona anatafsiri hapo. Politiksi za farasi.

Kutoka kwa farasi likapanda kwa watu, kwa maana ya kuongoza na kusimamia mambo yao. Hadithi nyingine, hii iko kwa Bukhari, mkusanyaji mwingine wa hadithi za Mtume, inasema Wana wa Israili walikuwa wakiongozwa na manabii, na kitenzi kilichotumika ni hicho hicho, tasusuhum. Ukiangalia vizuri siasa ya bibi haiko mbali na hapo, mtu anayejua kumwendea farasi hamkurupushi.

Aliyebaki na farasi yupo pia. Anaitwa saisi, na nendeni kamusini mkamwangalie, saisi ni mtunza farasi. Kenya wale vijana wanaowahudumia farasi wa mashindano pale uwanja wa Ngong wanaitwa hivyo mpaka leo. Neno lilipita India, Waingereza wakalichukua huko wakatembea nalo, likafika na nchi ya Malaya, Malaysia ya leo, ambako sais ni mwendesha gari la farasi. Kwa hiyo pale kwao Malaysia kuna sais na kuna siasat, na wenyeji wengi hawajui kama hao wawili wanajuana. Wajirani zao wa Indonesia wameichukua siasat hiyo hiyo wakaipa maana ya mbinu, hila, ujanja wa vita. Upande mmoja wa maji ni uchunguzi, upande wa pili ni mbinu, na lugha zenyewe karibu wanaelewana.

Waturuki ndo usiseme. Leo siyaset kwao ni siasa tu ya kawaida, lakini enzi za Waosmani siyaset ilikuwa ni adhabu ya sultani, na hasa ile ya kukata kichwa. Siyaset meydanı, uwanja wa siasa, palikuwa mahali pa kunyongea na kukatia watu vichwa. Halafu miaka ya 1990 televisheni moja kule ikaanzisha kipindi cha mijadala, wanasiasa wanakaa usiku kucha wanabishana, na jina la kipindi? Siyaset Meydanı. Sijui kama wageni walikuwa wanaingia wanajishika shingo. Wasomali wana siyaasad, Wahausa siyasa, Wakazakh sayasat, Wapakistani siyasat, hao wote ni siasa ya vyama na serikali na hawana la kutuchelewesha. Ukivuka kwenda Lubumbashi ndugu zetu wanaongea Kiswahili lakini hapo wanasema politike, wameichukua kwa Mbelgiji, na ukiwatupia siasa ya bibi watakuangalia tu.

Niwape na hii kwa sababu inawahusu nyie wenye kujiamini haraka. Alikuwepo mwanahistoria mkubwa wa Misri, al-Maqrizi, kafariki 1442, mtu wa vitabu vizito. Yeye akaandika kwamba siyasa asili yake si Kiarabu, ni yasa, ile sheria ya Wamongoli wa Genghis Khan, kwamba watu wa Misri waliongeza s mbele likawa siyasa. Ukiliangalia linashawishi, tena Kituruki cha leo yasa ni sheria na katiba ni anayasa, mama wa sheria. Lakini haliendi. Bukhari kafariki mwaka 870, karibu miaka 300 kabla Genghis Khan hajazaliwa, na neno lishakuwepo linafanya kazi kwa manabii na kwa farasi. Maqrizi alikuwa na hasira na watawala wa wakati wake walioacha sheria ya dini wakahukumu kwa amri zao, akataka neno lenyewe liwe la kigeni ili limsaidie kuwasema. Hapo ndipo pa kujichunga jamani. Mtu akiwa anataka kitu kutoka kwa neno, neno litampa. Ami alikuwa na hofu na kijana wake, akapewa hofu. Mhakiki alikuwa anataka ripoti ichangamke, akapewa mbuzi wenye vyama.

Kwa hiyo ushauri wangu. Usiulize neno linatoka wapi kabla hujauliza linafanya nini pale lilipo. Soma sentensi nzima. Siasa ikiwa na "ya" na jambo mbele yake, na karatasi ni ya 1974, karibu kila mara ni sera. Ikiwa imetanguliwa na "kwa" na anayesema ni mzee wa Pangani, ni upole. Ikiwa ni mtangazaji wa redio za nje anasema "wenye siasa kali", hapo anazungumzia misimamo, na mara nyingi mrengo wa kulia uko karibu kwenye sentensi hiyo hiyo. Ikiwa ni fundi wako anakwambia "boss sitaki siasa", anataka hela yake. Sentensi nzima!

Hiyo ya mwisho msiicheke. Nilikuwa nakalimani kwenye kikao cha wakulima wa mkonge na wageni fulani wenye fedha, mzee mmoja akasimama akasema "hizi siasa tuziache, tuongee bei". Wageni kusikia siasa (wanalijua hilo moja, kila mgeni analijua) wakaanza kutazamana, mmoja kashafungua daftari. Nikawapa kwa Kiingereza "maneno mengi tuyaache", wakatulia, bei ikaongelewa, mkataba ukapatikana. Baadaye kiongozi wao akaniuliza pembeni kwa nini nimeruka neno siasa. Nikamwambia sijaruka, nimelitafsiri. Tangu siku hiyo wananiita mimi kila wakija, na bei yangu wanaijua hawabishi.

Ushauri wa pili ni ule ule wa kwanza kwa sababu najua hamjausikia. Someni sentensi nzima, halafu someni ya kabla yake. Kuna vijana siku hizi wanabandika neno kwenye programu ya simu, linatoka neno, wanalibandika kwenye kazi, wanatuma ankara. Halafu wananiandikia mteja hajarudi. Arudi afanye nini? Simu anayo na yeye. Kinacholipiwa ni wewe kujua kwamba bibi wa Tanga, mhutasari wa kijiji na karatasi ya polisi wa Malaysia wametumia neno moja kusema vitu vitatu, na kuwa na roho ya kukaa kwenye meza na kulisimamia hilo mbele ya mtu aliyevaa tai. Wengi wenu lugha mnayo, roho hamna. Mteja akikunja uso kidogo mnafuta mnachokijua. Ukikubali neno lako libadilishwe likiwa sahihi, jina lako ndo litabaki chini ya ule upuuzi.

Na mkae na wazee. Sisemi muwahoji na kinasa sauti, kaeni tu, chambueni mchele, sikilizeni. Siasa ya bibi sikuipata chuo, kamusi ilikuja kunithibitishia baadaye.

Mwisho hela, maana najua ndo mlikuwa mnaisubiri. Nyaraka za zamani msikubali kulipwa kwa neno, lipisheni kwa saa. Ajenda ile ya mbuzi ina maneno sita, SIASA YA KIJIJI JUU YA MBUZI, na ilinila mchana mzima kwenye simu na vitabu. Kwa bei ya neno mchana ule nisingepata hata nauli ya kurudi Mbezi. Andikeni kwenye makubaliano kabla hamjaanza kwamba mabadiliko yoyote ya mhakiki yatajadiliwa na mfasiri kwanza, na kwamba hakuna makato bila majadiliano, na itumwe kwa imeli, simu haihesabiki. Wakikataa kusaini hiyo, nawaomba muwaachie kazi yao, kijana wa likizo yupo ataifanya.

Halafu nyie wa kutuma neno moja inbox "kaka hili maana yake nini", sijibu tena. Tuma sentensi.